Bibi alilala na viatu usiku tatu: kisa cha Julai 4 kwenye kijiji chetu nje ya Chicago

Tarehe 4 Julai 2023, saa nne na robo usiku, mlango wangu uligongwa na mtoto wa miaka tisa yuko peku, anahema. Akaniambia aunti njoo, bibi anasema tuondoke saivi, vita imefika.

Nikavaa kandambili nikakimbia, ni nyumba ya tatu tu kutoka kwangu. Nilichokikuta sitakisahau. Bibi alikua amelaza watoto wawili chini kwenye korido, mbali na madirisha, amezima taa zote, kitenge amekifunga kiunoni na ndani yake kuna mfuko wa karatasi za familia nzima, ugali uliobaki mchana ameufunga kwenye nailoni, na miguuni ana viatu vya kamba vimefungwa kabisa. Nikamwamkia shikamoo bibi, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini halafu akaniuliza swali moja tu, mkubwa yuko wapi. Mkubwa ni mjukuu wa miaka kumi na tano, na hakua ndani. Mama yao alikua kazini, shifti ya usiku kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege wa O'Hare, simu wanaiacha kwenye kabati hadi mapumziko.

Na wakati ule ule nyuma ya nyumba, kwenye kichochoro cha magari, kulikua na taa za bluu za polisi zinazunguka.

Naandika haya kwa ruhusa ya familia, majina nimeyaacha na jina la kijiji pia. Nayaandika kwa sababu kila mwaka ikifika Juni naona familia mpya zinahamia huku kwenye vitongoji vya Chicago na najua kabisa hakuna aliyewaambia kwamba Julai 4 ni sikukuu ya uhuru wa Marekani na usiku watu wanapiga fataki, na mi mwenyewe ambaye nimekaa hapa miaka kumi na moja sikuwaambia majirani zangu. Nilimwambia mama yao njooni muone paredi (maandamano ya sikukuu) asubuhi, nikanyamaza kuhusu usiku. Hilo linaniuma mpaka leo.

Familia yenyewe ni Wakongomani wa Uvira. Bibi alivuka Ziwa Tanganyika Oktoba 1996 wakati Uvira inaanguka, akafika Kigoma, akapelekwa Nyarugusu kule Kasulu, kambi ambayo ilifunguliwa mwaka huo huo. Alikaa pale miaka zaidi ya ishirini na mitano na wajukuu wote wamezaliwa humo humo. Hiyo shikamoo aliijulia Kigoma. Kwenye kijiji chetu walihamia Machi 2023, kwa hiyo ile ndo ilikua Julai yao ya kwanza.

Sasa neno kijiji lisikuchanganye. Illinois, jimbo lenye Chicago, "village" ni hadhi ya kisheria ya mji, haihusiani na mashamba wala udogo, Schaumburg ni kijiji na ina watu zaidi ya elfu sabini, Oak Park ni kijiji na iko mpakani kabisa na Chicago, treni inafika. Kuna mwenyekiti anayechaguliwa, kuna wajumbe sita wa halmashauri, kuna karani, na vijiji vingi vina meneja wa kuajiriwa ambaye ukitaka kumwelewa haraka mfikirie mtendaji wa kijiji wa kwetu. Hiyo halmashauri inatunga sheria zake ndogo, na hizo sheria ndogo ndo zinazokugusa kila siku kuliko hata za Washington: urefu wa majani mbele ya nyumba, siku ya kutoa takataka, saa ya kumwagilia maji, wapi gari lisilale usiku.

Na wanakuambia vipi? Kwa karatasi. Hapa ndo kisa kilipoanzia, sio kwenye kichochoro.

Karatasi ya kijiji huja kwa posta, kwetu inakuja kila baada ya miezi miwili, imekunjwa, ina rangi, na haina jina la mtu, pale kwenye anwani wameandika tu "mkazi" kwa Kiingereza. Inafika siku moja na kuponi za pizza na matangazo ya magodoro. Mama yao aliniambia baadae kwamba pale walipofundishwa maisha ya Marekani waliambiwa barua yenye jina lako fungua, isiyo na jina tupa, ni matangazo. Na ushauri huo ni mzuri siku zote isipokua kwa karatasi hii moja. Akaitupa, na mi nisingefanya tofauti ningekua yeye.

Nikaja kuisoma upya ile ya Julai 2023 nikiwa na hasira, naitafuta kosa, nikakuta kila kitu kimo. Paredi inaanza saa nne asubuhi, barabara gani zinafungwa na kuanzia saa ngapi, gari likiachwa pale linavutwa kwa gharama ya mwenyewe. Viti vya kukunja visiwekwe pembeni ya njia kabla ya saa kumi na mbili jioni ya tarehe 3 (hii wageni wanaishangaa lakini ni kweli, watu wanawahi nafasi kwa kuacha viti vitupu usiku kucha na hakuna anayeviiba). Takataka za Jumanne zitabebwa Jumatano kwa sababu ya sikukuu na kila siku inayofuata inasogea hivyo hivyo. Usimwagilie majani mchana jua likiwa kali, sisi tunaotumia maji ya Ziwa Michigan tuna sheria hiyo kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Septemba. Mkaa wa jiko la nyama usiutupe kwenye pipa siku hiyo hiyo, unakaa na moto ndani mpaka kesho yake. Mbwa wafungieni ndani, Julai 4 wanakimbia na kupotea wengi. Fataki za kijiji zitaanza saa tatu na nusu usiku kule paki, na fataki za kupiga mwenyewe ni marufuku, ukisikia za jirani usipige 911 ya dharura, piga namba ya kawaida ya polisi.

Na kulikua na sentensi moja, moja tu, inayowaomba watu wakumbuke maveterani wanaoteseka na milio. Kuna nyumba huku zinaweka hadi kibao mbele kwamba humu anaishi askari wa zamani, tafadhali. Nikawaza, mbwa wamekumbukwa, askari amekumbukwa na anastahili, ila yule aliyekimbizwa na askari hakuna aliyemfikiria.

Kwetu taarifa haiji hivi. Tanzania kuna mjumbe wa nyumba kumi, anakuja mlangoni anakaa anakunywa chai anakuambia kesho kuna usafi. Kuna gari la matangazo na spika juu. Uvira na Bukavu nako wana nyumba kumi zao na wana chefu wa kartie, yaani kiongozi wa mtaa. Kambini kulikua na kiongozi wa bloku na kipaza sauti. Yaani taarifa ina uso na sauti, unaweza kuibishia, unaweza kuiuliza swali. Mtu aliyelelewa na taarifa za namna hiyo ukimpa karatasi yenye anwani ya "mkazi" hujampa taarifa, umempa kazi ya kufagia.

Turudi kwenye milio. Watu wanadhani fataki ni tarehe 4 usiku basi, hapana, huku mitaani zinaanza mwishoni mwa Juni na wikiendi ya karibu na sikukuu ndo hatari. Mwaka ule Jumamosi ilikua tarehe 1, zikapigwa mpaka saa saba usiku. Jumapili tarehe 2 ikaja ile mvua kubwa, ile iliyofupisha mbio za magari za NASCAR katikati ya Chicago na kujaza maji vyumba vya chini Cicero, Berwyn na kwingine kote upande wa magharibi, sisi tulitoa zulia lililoloa kwa ndoo, fataki zikapungua ila radi ikachukua nafasi yake. Jumatatu zikarudi kwa nguvu. Kumbe tangu Jumamosi bibi alikua analala na viatu. Usiku tatu. Hakumwambia mtu, kwa sababu kwa hesabu yake wote tunasikia, na kama wote tunasikia na tumenyamaza basi labda hapa ndo watu wanafanyaga hivyo, wananyamaza mpaka siku ya kukimbia. Aliniambia hayo wiki moja baadae akiwa anachambua mboga, kwa utulivu kabisa, "niliona mnajikaza."

Binti mmoja wa kwetu niliyemsimulia alisema lakini si angeuliza tu. Hapana bana. Mtu ambaye 1996 alichelewa kuondoka hawezi kuanza na kuuliza.

Na wala hakua amekosea sana kuogopa. Mwaka mmoja kamili kabla ya hapo, Julai 4 2022, kule Highland Park kaskazini ya Chicago mtu alipanda juu ya paa akafyatua risasi kwenye paredi, wakafa watu saba na kadhaa wakajeruhiwa, na waliokuwepo wengi walisema sekunde za kwanza walidhani ni fataki. Ndo maana paredi yetu saivi ina malori ya kijiji yamepakiwa kuziba njia na polisi wamesimama juu ya paa. Kwa hiyo masikio ya Wamarekani wenyewe nayo yameharibika, ila wao wameshaambiwa ratiba.

Sasa kijana. Rafiki zake wa shule walikua na kaka mkubwa mwenye gari, wakaenda Hammond, jimbo la jirani la Indiana, kama saa moja hivi kwa gari, wakarudi na boksi la fataki. Hapa lazima nieleze sheria maana ndo inawaponza wengi. Indiana fataki zinauzwa kihalali kwa mtu mzima, maduka makubwa kabisa yamejipanga hatua chache tu baada ya mpaka, mabango unayaona barabarani. Illinois zile zinazoruka na zinazolipuka ni marufuku bila kibali, sheria ya jimbo inahesabu ni kosa la jinai la daraja A, ambalo juu kabisa linafika karibu mwaka mmoja jela na faini dola 2,500. Vile vijiti vya cheche vya watoto jimbo linaviacha lakini vijiji vingi vimevikataza pia, na kwa haki, ncha yake ina joto linalokaribia nyuzi 1,100 za selsiasi, yaani unampa mtoto wa miaka minne kitu kinachoyeyusha baadhi ya metali. Kwa hiyo bidhaa uliyolipia kwa risiti halali, ukivuka mstari tu imekua kosa. Na mtoto anaangalia kulia na kushoto, kila nyumba inapiga, mzungu anapiga, Mmeksiko anapiga, Mpolandi anapiga, atajuaje?

Wakaziwasha kule kichochoroni, boksi moja likaanguka ubavu. Moto ukaenda chini kwenye fensi ya mbao ya jirani na magome yaliyotandazwa kwenye maua. Juni yote ilikua kavu mno huku kwetu, majani yalikua kama karatasi, na ningesema bila ile mvua ya Jumapili fensi yote ingeondoka na pengine garaji. Wenzake wote wakakimbia. Yeye akabaki, akachukua mpira wa maji wa huyo jirani akauzima moto, na polisi walipofika walimkuta ameshika mpira, miguu imeloa, pembeni yake boksi.

Hapo mi na bibi tukawa tumetoka. Bibi kumwona mjukuu mbele ya mtu mwenye bunduki kiunoni alinyooka moja kwa moja, akatoa kwenye kitenge karatasi ya kambi, ile kadi ya familia ya Nyarugusu, akampa polisi kwa mikono miwili. Yule polisi alikua kijana tu, hakujua ameshika nini. Nikamwambia kwa Kiingereza huyu mama anadhani unakagua nani ni mkimbizi halali, tafadhali zima taa za gari. Akazizima. Akamrudishia kadi kwa mikono miwili vile vile kama alivyopewa, nadhani hata hakujua anafanya nini, ila bibi aliona. Namshukuru.

Tiketi ya kosa alimwandikia. Na hapa tulibishana sana kwenye jamii yetu, wengine walisema ni ubaguzi kwa nini yeye tu, wengine walimlaumu mama kwamba mzazi hajui mtoto wake yuko wapi usiku. Mi sikubaliani na wote. Mama alikua kazini anatafuta kodi ya nyumba, mtoto alikua hatua kumi kutoka mlango wa nyuma wa kwao. Na polisi alikua na moto, boksi na mtu mmoja mbele yake. Ila alifanya kitu kikubwa ambacho hatukukijua usiku ule: hakumfungulia kosa la jimbo, alimwandikia kosa la sheria ndogo ya kijiji. Tofauti yake ni kama mbingu na ardhi. La jimbo linaenda mahakama ya kaunti, la kijiji linasikilizwa pale pale ofisi ya kijiji na mwanasheria aliyepewa kazi hiyo, na mwisho wake ni faini, hakuna jela.

Kikao kilikua Agosti, jioni. Tuliomba mkalimani mapema kwa kupiga simu kwa karani, na hili naomba kila mtu alijue, wakati ule ofisi inayopokea hela za serikali kuu ilikua inawajibika kukusaidia uelewe lugha, ilitoka kwenye sheria ya haki za kiraia ya 1964, hatukuomba hisani. Wakatuwekea mkalimani kwa simu. Mtu mzuri, Kiswahili chake safi cha pwani, akasema "faini", mama akaniangalia, faini ni nini? Kwao ni amande. Akasema "shauri", mama akadhani anapewa ushauri. Nikaomba kusema, wakaniruhusu, tukasogea. Ile faini ilikua dola 250, yule mwanasheria akasikia habari ya mpira wa maji kutoka kwa mwenye fensi mwenyewe, mzee mmoja aliyekuja bila kuitwa, akaishusha mpaka dola 50 na saa nane za kusafisha paki. Alizifanya zote kwa Jumamosi mbili.

Halafu kuna karatasi ya mwisho ya kikao, ile inayosema kesi imeisha na kila kitu kimelipwa. Msiitupe jamani. Fomu ya green card (kibali cha ukazi wa kudumu) inauliza kama umewahi kukamatwa au kuandikiwa kosa, fomu ya uraia N-400 nayo inauliza hivyo hivyo, na mtoto huyu atazijaza moja baada ya nyingine. Jibu ni ndiyo pamoja na ushahidi kwamba liliisha na lilikua dogo, na kabla ya kujaza muone mwanasheria wa uhamiaji. Mtu akiandika hapana kwa sababu anadhani faini ya kijiji haihesabiki, hapo ndo anatengeneza tatizo kubwa kuliko fataki zenyewe.

Tangu Septemba 2023 karatasi ya kijiji ikifika naisoma kwa sauti kwenye grupu letu la WhatsApp, dakika nne tano, Kiswahili, na yule kijana anarudia sehemu muhimu kwa Kiswahili chao cha Uvira na Kifuliiru kidogo kwa ajili ya bibi. Watu wanajibu, wanauliza, wanabisha. Mmoja aliuliza majani kuwa marefu ni kosa kweli? Ni kosa, kwetu ukipitisha inchi nane wanakuja kukata wenyewe halafu wanakutumia bili. Nilimwandikia karani kuomba mistari miwili mitatu ya Kiswahili kwenye karatasi ya Juni, tarehe na saa tu. Alinijibu vizuri kwamba atapeleka. Bado haijatokea, nitaandika tena, hasa kwa kuwa 2026 nchi inatimiza miaka 250 na sidhani kama kuna mtaa utakaolala.

2024 ilikua Alhamisi. Sisi tuliomba kibali cha kufunga kipande cha mtaa wetu kwa ajili ya pati mchana, unajaza fomu wiki kadhaa kabla, unakusanya sahihi za majirani, na unaacha njia katikati ya gari la zimamoto kupita, hakuna meza pale, hakuna turubai. Watu wa barabara wakatuletea vizuizi siku moja kabla. Mama alipika sombe (kisamvu) na samaki, mzee mwenye fensi alikaa karibu na bibi mchana mzima wakiwa hawana hata neno moja la pamoja.

Asubuhi yake kabla ya paredi tulimpeleka bibi paki kule wanakotegea fataki, nje ya uzio, kweupe. Kijana akamwonyesha mabomba yamepangwa, akamwambia zitaanza saa tatu na nusu na zitaisha kama saa nne kasoro, zikiendelea baada ya hapo ni majirani. Bibi akauliza maswali mengi: nani anawasha, ni wangapi, wanalipwa, wanatazama upande gani. Usiku alichagua kubaki ndani, tukamfungulia feni na redio ya kwaya juu, mama akaomba shifti ya mchana ili awepo.

Viatu alivaa. Alilala navyo, ila alilala, mama anasema alikoroma kabla hata zile za kijiji hazijaisha. Na Ijumaa asubuhi pipa lao lilikua limeshatolewa nje, siku sahihi, wakati la kwangu nililisahau nyuma ya nyumba.